Maswali ya Wasomaji: Je, Baiskeli Janja ya Umeme Itanifaa Nairobi?

SWALI: Kwako mshauri wa ukurasa huu, salamu kutoka Kinoo. Ninafanya kazi Upper Hill na nimechoshwa na matatu za asubuhi, hasa ule msongamano wa Kangemi. Shemeji yangu aliyeko Uholanzi yuko tayari kuniuzia baiskeli yake ya umeme kwa bei ya kindugu. Ni ile inayofunguliwa kwa simu, inabadilisha gia yenyewe, ina GPS, na betri yake imefichwa ndani ya fremu hata huwezi kutambua kwamba ni ya umeme. Nimeendesha baiskeli tangu utotoni, lakini za kawaida tu. Ninaishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Mume wangu ananicheka kwamba ninataka kununua simu yenye magurudumu. Je, baiskeli hii itanifaa?
— Msomaji, Kinoo

JIBU: Dada yangu, nitatoa jibu kwanza kisha nieleze sababu. Baiskeli ya umeme itakufaa sana kwa safari hiyo. Hiyo ya shemeji yako, kwa jinsi ulivyoieleza, sikushauri uichukue, hata kama ni nzuri na bei yenyewe ni ya kindugu.

Tuanze na barabara yako, kwa sababu ndiyo itakayokuwa na neno la mwisho. Kinoo iko juu ya katikati ya jiji kwa takriban mita 200. Asubuhi utakuwa ukiteremka, na mota haitakuwa na kazi kubwa. Jioni, ukiwa umechoka na betri imekwisha kutumika kwa safari ya kwanza, ndipo utakapopanda kutoka Westlands kupitia Kangemi na Uthiru. Mtu, baiskeli na mkoba vikiwa na uzito wa kilo 100 kwa jumla, kupanda mita 200 peke yake kunahitaji karibu wati-saa 55 za nishati (wati-saa 1,000 ni uniti moja ya stima), kabla hatujahesabu upepo, msuguano wa tairi na nguvu inayopotea ndani ya mota kama joto. Ukiongeza hayo yote, na ukiiachia mota sehemu kubwa ya kazi, jioni moja inaweza kula wati-saa 150 hadi 200. Baiskeli nyingi za mjini zinazotengenezwa Ulaya zina betri za wati-saa 360 hadi 500, kwa hiyo betri mpya itakufikisha nyumbani bila wasiwasi. Lakini hiyo si mpya. Betri ya lithiamu hupungua uwezo kila inapochajiwa, na baada ya kuchajiwa na kuisha kati ya mara 500 na 1,000 huwa imepoteza sehemu ya kutosha ya nguvu zake kiasi kwamba mwenyewe anaanza kuona tofauti. Muulize shemeji imetumika miaka mingapi, na usiridhike na umbali ulioandikwa kwenye tangazo la kampuni, kwa maana umbali huo hupimwa mahali tambarare na kwa msaada mdogo wa mota.

Kuna jambo jingine kuhusu mlima ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia. Nyingi kati ya hizi baiskeli janja za mijini zilibuniwa kwa ajili ya miji kama Amsterdam, ambako mlima mkubwa ni daraja la mfereji. Zina mota ndogo ndani ya kitovu cha gurudumu, na gia chache mno. Nyingine zina gia moja tu. Mota ya kitovuni huzunguka kwa kasi ileile ya gurudumu au kwa uwiano usiobadilika, kwa hiyo ukipanda polepole sana inalazimika kufanya kazi katika mzunguko ambao haiupendi, na umeme mwingi unageuka kuwa joto badala ya mwendo. Mota ya katikati, iliyofungwa penye pedali, hupitisha nguvu zake kwenye mnyororo na gia, hivyo ukishusha gia nayo inapata nafuu pamoja na miguu yako. Kwa mtu wa South C, ambako ni tambarare, ningesema tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu anayerudi Kinoo kila jioni ni kitu kikubwa, na kama utanunua yenye mota ya kitovuni basi hakikisha ina gia angalau saba, nawe uwe tayari kupiga pedali kwa dhati pale Kangemi.

Hewa ya Nairobi, iliyo nyembamba kwa sababu ya mwinuko wetu, haiisumbui mota ya umeme hata kidogo. Itakusumbua wewe, kwa wiki chache za mwanzo.

Sasa tuje kwenye huko kufunguliwa kwa simu. Mnamo Julai 2023 kampuni ya VanMoof ya Uholanzi, ambayo ndiyo iliyozivumisha baiskeli za aina hii kuliko nyingine yoyote, ilitangazwa na mahakama kuwa imefilisika. Wateja waliingiwa na hofu ambayo mwenye baiskeli ya kawaida hajawahi kuijua: ufunguo wa kidijitali wa baiskeli zao ulikuwa unapatikana kupitia seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali, na seva zikizimwa, mtu akibadilisha simu au akitoka kwenye akaunti yake huenda asiweze kutumia kikamilifu kitu alichokilipia. Mshindani wao kutoka Ubelgiji, Cowboy, alitoa haraka programu ya kuwasaidia watu wapakue ufunguo huo na kuuhifadhi kwenye simu kabla mambo hayajaharibika. Baadaye VanMoof ilinunuliwa na Lavoie, tawi la McLaren Applied la Uingereza, na ikaendelea. Hukutaja baiskeli ya shemeji yako ni ya kampuni gani, na sidai kwamba itafilisika. Ninachosema ni kwamba ikiwa wateja walioishi kilomita chache kutoka makao makuu walitaabika, wewe uliye Kinoo utapiga simu wapi?

Kuna jaribio dogo ambalo shemeji anaweza kulifanya leo jioni huko aliko. Azime data na bluetuthi ya simu yake, aiache simu mezani, kisha atoke na baiskeli. Je, kufuli linafunguka kwa namba ya siri au kwa kitufe? Taa zinawaka? Mota inasaidia? Kiwango cha msaada kinabadilika kwa kubonyeza kitu kilicho kwenye usukani? Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, programu ya simu ni nyongeza, na nyongeza haidhuru mtu. Jibu la hapana hata kwa moja linamaanisha kwamba baiskeli hiyo inamilikiwa na watu wawili, nawe ni mmoja wao. Vilevile muulize kama akaunti inaweza kuhamishwa rasmi kwa jina lako, maana bila hilo yeye ndiye atakayeonekana kuwa mwenye mali siku ikiibwa.

Kuhusu wizi, usiitegemee sana GPS. Kifaa hicho hupoteza setilaiti katika maegesho ya chini ya ardhi, na kinahitaji laini ya simu inayofanya kazi kwenye mitandao ya hapa ili kikutumie habari. Kufuli la kielektroniki huzuia gurudumu lisizunguke, lakini baiskeli ya kilo 20 vijana wawili huinyanyua na kuitia kwenye pikapu bila gurudumu kuzunguka hata mara moja. Mnyororo mzito uliofungwa kwenye chuma kilichozikwa, mahali ambapo askari wa geti anakufahamu kwa jina, ndio ulinzi ambao ningeuamini Upper Hill.

Betri iliyofichwa ndani ya fremu inapendeza macho, na kwako wewe ndiyo kasoro kubwa kuliko zote. Kama haitoki, itakubidi ama uibebe baiskeli nzima hadi ghorofa ya tatu kila jioni, ama uelewane na msimamizi wa ploti akupe soketi chini kwenye maegesho, na hapo tayari naisikia mizozo ya tokeni ni za nani. Betri inayotoka ina uzito wa kilo mbili au tatu; unaitia mkobani na kupanda nayo. Isitoshe, isipotoka, siku itakapokufa itabidi fremu ifunguliwe na mtu anayeijua, na baadhi ya mifumo haikubali betri ya kampuni nyingine hata kama volti ni zilezile, kwa kuwa betri na kidhibiti cha mota hutambuana kwa programu.

Jambo hilo linatuleta kwa fundi. Jijini mafundi wa baiskeli hawajapungua, na pale Luthuli Avenue utapata watu wanaokarabati vifaa vya umeme kwa ustadi ambao umewahi kunishangaza. Breki, mnyororo, spoku, pancha, waya uliokatika, hata chaja: hayo yote yatafanyika. Lakini kadi ya kudhibiti mota ambayo imemiminiwa gundi ngumu ili maji yasiingie, na ambayo hata ikibadilishwa inataka kuidhinishwa na seva ya kampuni, haitafanyika kwa mtu yeyote. Kabla ya kununua baiskeli yoyote ya umeme, chukua picha za mota, kidhibiti, skrini na plagi ya betri, uzipeleke kwa fundi atakayekuhudumia, na umsikilize. Akisema vipuri vya aina hiyo vinaagizwa kwa urahisi kutoka kwa watengenezaji zaidi ya mmoja, umepata. Akigeuza simu yako huku na huku akiitazama picha bila kusema kitu, nawe umepata jibu.

Na hata kama ungeyapuuza yote niliyoyasema, itafikaje? Mashirika ya ndege hayamruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 kwa ajili ya vifaa kama hivi, kwa hiyo shemeji hawezi kuja nayo Desemba kama mzigo wake, na betri isiyotoka inaizuia baiskeli nzima. Itabaki kusafirishwa kama mizigo ya hatari kwa wakala anayejua kazi hiyo, na gharama yake itaumeza ule undugu wa bei. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziingiza baiskeli za umeme katika VAT ya kiwango cha sifuri, lakini masharti ya kodi huguswa karibu kila mwaka wa bajeti na ushuru wa forodha ni hesabu nyingine. Mtu wa kuulizwa ni wakala wa forodha, tena kabla mzigo haujaondoka huko.

Ningekuwa mimi, ningetafuta hapa Nairobi baiskeli ya umeme ya kawaida yenye betri inayotoka ya wati-saa 500 au zaidi, gia za kutosha, na breki za diski za haidroliki, kwa sababu kila asubuhi utakuwa ukiteremka na chombo kizito mbele ya matatu. Ukikuta mota inazima msaada wake kwenye kilomita 25 kwa saa, kama sheria za Umoja wa Ulaya zinavyotaka, usione umepunjwa. Kwenye barabara ya kando ya Waiyaki Way, penye wapita njia, wachuuzi na bodaboda zinazorudi kinyume, kasi hiyo inatosha. Expressway hairuhusu baiskeli, kwa hiyo hilo lisikusumbue akili. Tairi ziwe pana. Na ikiwa mota iko kitovuni, nunua spana ya nati zake, mara nyingi ni namba 18, uiweke mkobani pamoja na tyubu, kwa sababu pancha ya gurudumu lenye mota haifunguliwi kwa vidole, na fundi wa kando ya barabara huenda akaogopa kuugusa ule waya.

Gharama ya kuchaji haistahili aya ndefu: betri ya wati-saa 500 hutumia kidogo zaidi ya nusu uniti ya stima, na hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30 haufiki shilingi 20.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa Lavington mwenye umri wa miaka 67. Daktari ameniruhusu kuendesha baiskeli lakini goti langu la kulia lina shida. Kijana wangu anasisitiza nichukue yenye sensa nyingi (vile vitambuzi vya umeme) na skrini kubwa. Mimi naona hayo ni mapambo ya kumfurahisha muuzaji. Nani ana haki?
— Mzee wa Lavington

JIBU: Mzee wangu, kwa heshima zote, safari hii kijana ana haki kwa nusu. Skrini kubwa ni mapambo kama unavyosema. Sensa si mapambo, na kwa goti lako huenda ndiyo sehemu ya pekee ya teknolojia inayostahili kulipiwa.

Baiskeli za bei nafuu hutumia sensa inayotambua tu kwamba pedali zinazunguka. Ukizungusha pedali nusu, mota inaingia kwa nguvu iliyopangiwa, iwe umekanyaga kwa upole au kwa nguvu. Ukiacha kuzungusha, inachelewa kidogo kuzima. Aina ya pili hupima jinsi unavyokanyaga, mara nyingi kila sehemu ndogo ya sekunde, na kuongeza msaada kulingana na msukumo huo. Ukikanyaga taratibu inakusaidia taratibu, ukizidisha nayo inazidisha, na ukiacha inaacha. Goti bovu huumia zaidi wakati wa kuondoka, hasa mlimani, kwa sababu kwa aina ya kwanza ni lazima miguu yako ianze kuisogeza baiskeli peke yake kabla mota haijaamka. Hapo ndipo utakapoona fedha zako zilikokwenda.

Usinunue kwa maelezo. Ipeleke kwenye mwinuko halisi, Loresho au Kitisuru ipo ya kutosha, usimame katikati ya mlima, weka gia ya chini, kisha uondoke ukiwa umekaa kitini bila kuinuka. Rudia ukitumia mguu wa kulia kuanzia. Ikikurusha mbele au ikikuacha ukihangaika, irudishe. Hakikisha pia kwamba ukigusa breki msaada wa mota unakatika hapohapo, na kwamba kuna kitufe cha kuisogeza baiskeli ukitembea kando yake. Msaada huo huwa wa mwendo wa miguu tu, kilomita 6 hivi kwa saa, lakini kilo 25 za chuma kwenye mlima wa geti la nyumbani si mchezo. Fremu ichukue ile ambayo sehemu yake ya katikati iko chini, ambayo watu huiita ya akina mama. Wacheke.

Ziko programu zinazoweza kuunganishwa na mkanda wa kupima mapigo ya moyo na kuongeza msaada wa mota mapigo yanapopanda. Ni kazi nzuri, ila ni daktari anayekujua ndiye atakayesema moyo wako usivuke kiwango gani, na akikupa namba hiyo basi kijana wako atakuwa amepata kazi ya maana ya kufanya na hiyo simu.

Na mvua je? Masika ya mwezi wa nne hayapaswi kukufungia nyumbani. Ukiona alama ya IPX4, ujue inastahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote, yaani mvua ya kawaida. Haimaanishi bomba la presha. Kamwe usimruhusu kijana wa kuosha magari aielekeze mashine yake kwenye kitovu cha gurudumu au penye pedali, hata akikuhakikishia kwamba amewahi kuosha nyingi.

SWALI: Nina mkahawa mdogo South B na vijana watatu wanaopeleka chakula kwa baiskeli. Nataka kuwanunulia za umeme zenye GPS ili nijue walipo, na ninazoweza kuzifunga nikiwa mbali endapo kijana atatoroka nayo. Unashauri?
— Mwenye mkahawa, South B

JIBU: Ndugu yangu, wewe ndiye pekee kati ya waandishi wa leo ambaye teknolojia ya kufuatilia ina kazi ya kweli kwake, kwa sababu humwoni anayeendesha. Hata hivyo, ningekushauri ununue baiskeli imara na rahisi kukarabatika, kisha ufunge kifaa cha GPS cha kando chenye laini ya hapa nchini, badala ya kununua baiskeli ambayo GPS, kufuli na mota vyote viko ndani ya programu moja. Kifaa kikiharibika utakibadilisha na kijana atakuwa barabarani alasiri hiyohiyo.

Kuhusu kuifunga kwa mbali, muulize muuzaji swali moja na umtake akuonyeshe kwa vitendo: nikibonyeza kufunga wakati baiskeli inakwenda kilomita 20 kwa saa, kutatokea nini? Mfumo unaofaa hukata msaada wa mota tu, au husubiri hadi gurudumu lisimame. Mfumo unaokaza gurudumu katikati ya Mombasa Road usiununue kwa bei yoyote.

Fahamu pia kwamba mahali alipo mfanyakazi wako ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Waeleze vijana kwa maandishi kwamba baiskeli inafuatiliwa, kwa sababu gani, na nani anaona habari hizo; na kama wanalala na baiskeli nyumbani, usiwe na sababu ya kuangalia ramani saa tano usiku.

Nunua betri mbili kwa kila baiskeli, maana muda wa chakula cha mchana haungoji chaja. Zichajie kwa chaja zilizokuja nazo, mahali penye hewa, mbali na jiko na gesi, tena si kwenye njia ya kutokea. Betri iliyoanguka kwa nguvu, iliyovimba au inayopata joto lisilo la kawaida iondolewe kazini siku hiyohiyo, na fundi asiyezijua betri za lithiamu asiifungue.